Kwa anayeanza na mawimbi kwenye midia zinazobadilika

Kosa langu la kwanza lilinilia wiki tatu. Niliandika programu ya kufuatilia wimbi la sumakuumeme ndani ya midia, yaani kitu ambamo wimbi linapita, ambayo pemitiviti yake (kipimo cha inavyoitikia uwanja wa umeme; ikiwa kubwa, wimbi linakwenda polepole) inapanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, na kila nikiiendesha, nishati inaongezeka. Nikapunguza hatua za muda, nikabadili mipaka, nikaishuku hata kompyuta. Kumbe programu ilikuwa sawa. Anayeibadilisha midia anafanya kazi, na kazi hiyo inaingia kwenye wimbi. Ibadilishe mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa wimbi, nalo litakua kama bembea ya mtoto anayejua lini achuchumae na lini asimame.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, jiulize kinachobaki vilevile ni kipi. Chukua wimbi la gigahezi 10 hewani; urefu wake ni sentimita 3. Likiingia kwenye midia yenye pemitiviti 4, masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, yanabaki gigahezi 10, urefu unapungua hadi sentimita 1.5. Sasa ondoa mpaka huo wa hewa na midia, midia yote ibadilike ghafla, kila mahali kwa pamoja, kutoka 1 hadi 4. Urefu unabaki sentimita 3. Masafa ndiyo yanayoshuka hadi gigahezi 5, na sehemu ya wimbi inageuka kurudi ilikotoka. Chora hali zote mbili kwa penseli, mhimili mmoja mahali, mwingine muda. Mimi bado nachora.

Ukilishika hilo, nadharia ya Floquet, hesabu ya mawimbi ndani ya vitu vinavyojirudia, haitakutisha. Midia inayojirudia katika nafasi huacha pengo kwenye masafa, yaani masafa ambayo wimbi haliwezi kupita nayo. Inayojirudia katika muda huacha pengo kwenye namba ya wimbi (idadi ya mawimbi katika urefu fulani), na ndani ya pengo hili ndimo wimbi linamokua. Badiliko lenyewe likisafiri, wimbi linalofuatana nalo na linalokuja kinyume hayakutani na mapengo yaleyale. Utamu uko hapo.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: mwendokasi wa badiliko ukikaribia ule wa wimbi, kuongeza hamoniki, yaani mawimbi sahili tunayojumlisha katika mfululizo ili kupata jibu, hakusaidii. Watafiti Cassedy na Oliner walilionyesha mwaka 1963. Pemitiviti ikiyumba kwa asilimia 20, eneo la hatari ni takriban mara 0.91 hadi 1.12 ya mwendokasi wa wimbi kwenye midia isiyoyumbishwa. Niliweka hamoniki 11, nikaweka 41, nikaweka 101. Jibu likawa linahama tu. Humo achana na mfululizo, kokotoa hatua kwa hatua katika muda, na hatua yenyewe uipime kwa pemitiviti ya chini kabisa, maana hapo ndipo wimbi linapokimbia zaidi.