Pikapu Inakula Oili: Nibadilishe Injini au Niitengeneze Iliyopo?

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Nina Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli, 2L. Inamaliza karibu lita moja ya oili kila kilomita 1,000, inatoa moshi wa bluu, na nikipanda mlima na mzigo inabidi nirudi gia ya pili. Fundi wangu anasema injini imekwisha, ninunue nyingine iliyotumika. Bodi bado nzuri. Nimsikilize?

JIBU: Usimkubalie wala usimkatalie kabla hujapima, na cha kwanza kupimwa siyo injini. Ni chasisi. Umeandika kwamba bodi ni nzuri, lakini bodi inaweza kung'aa huku chasisi inaliwa na kutu kwa ndani. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge fremu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti bubu na kudondosha magamba. Kagua zaidi nyuma ya kabini, juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa, maana hapo ndipo tope linalala. Penye shaka, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama kwenye fremu kubwa, habari ya injini isubiri kwanza, kwa sababu injini yoyote utakayoweka itakuwa imebebwa na chuma kisichoweza kuibeba.

Chasisi ikiwa salama, rudi kwenye injini, na utenganishe malalamiko yako mawili. Kula oili ni jambo moja, kukosa nguvu ni jingine, na mara nyingi hayana chanzo kimoja.

Oili inaungua kwa njia mbili kuu. Sili za valvu zikichoka, oili inachuruzika usiku kucha, kwa hiyo asubuhi unapata wingu la moshi wa bluu ambalo linapungua injini ikishachangamka. Ringi za pistoni zikichoka, moshi haukatiki, na unaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka. Kuna jaribio rahisi: injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu bila kukikaza. Kikitetemeka tu, hakuna neno. Kikirukaruka, na moshi ukatoka kwa mapigo kama mtu anayepumua kwa shida, hewa ya mlipuko inapita pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Kuhusu nguvu, anza na vitu rahisi: filta ya dizeli, filta ya hewa, nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, na taimingi ya pampu. Kisha angalia klachi. Ukiwa mlimani, injini ikipandisha sauti lakini mwendo usipande, klachi ndiyo inayoteleza. Ukifika, sogeza mkono karibu na kila ringi ya tairi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki imekamata. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni uchungu kushusha injini nzima kumbe kosa lilikuwa la klachi.

Ndipo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Tumia geji ya dizeli, ile ya petroli haifiki huko. Injini iwe imepata moto, betri imejaa, filta ya hewa ni safi. Chomoa waya wa swichi ya kukata dizeli juu ya pampu, toa plagi za hita zote nne, kisha piga stata kwa kila silinda hadi mshale usimame. Kwa injini za L, yaani 2L yako na ndugu zake, zikiwa katika hali nzuri, utasoma karibu kilo 30 kwa sentimita ya mraba. Chini ya 20 injini imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Stata ikizunguka kivivu, namba zote zitakudanganya. Valvu zilizobana pia hushusha namba, kwa hiyo angalia nafasi zake kabla ya kutoa hukumu.

Silinda ikisoma chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili humo na upime tena. Namba ikiruka juu, ringi ndizo zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi. Usizidishe oili: chumba cha mlipuko cha dizeli ni kidogo sana, oili yenyewe inaijaza nafasi na kupandisha namba. Kwa hiyo namba ikipanda kidogo tu, usiihesabu.

Sasa uamuzi. Zote nne zikiwa juu ya 20 na zimekaribiana, usibadilishe injini. Badilisha sili za valvu, safisha nozeli, uendelee na kazi. Moja ikiwa chini peke yake, fungua hedi uone. Mbili au zaidi zikiwa chini na kifuniko kinaruka, unahitaji ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuifufua, au injini nyingine, na hapo sisi tunaegemea ovahoo ya injini yako mwenyewe, mradi bloku haina ufa na kuna karakana ya kuchonga unayoiamini. Injini yako unaijua ilipotoka. Ile ya kununua huijui iliwahi kuchemka mara ngapi. Kubadilisha kunakuwa na maana pale bloku imepasuka, koneti (mkono wa pistoni) imetoboa ubavu, krankishafti imekatika, au silinda zimeshapanuliwa hadi saizi ya mwisho.

SWALI: Bloku yangu ya 2L imepasuka, kwa hiyo sina jinsi. Nimeonyeshwa 3L, 5L na 1KZ-TE. Ipi itaingia bila kukatakata gari?

JIBU: 3L au 5L. Ni ndugu wa 2L: 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Maunti zake na uso wa kukutana na giaboksi vinaoana, pampu haihitaji kompyuta, na fundi anayeijua 2L hatapotea.

Bado kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni sampu. Injini za L zilifungwa kwenye magari mengi, na umbo la sampu hutofautiana. Iliyotoka kwenye basi dogo inaweza kugonga difu ya mbele ya pikapu inayovuta magurudumu manne. Hamisha sampu yako pamoja na bomba lake la kufyonza oili. Ukihamisha sampu peke yake, mdomo wa bomba unaweza kukaa juu ya usawa wa oili au kubanwa na kitako cha sampu, na beringi zitaungua siku ya kwanza. Wa pili ni umeme: soma kibandiko cha stata, alteneta na plagi za hita, kwa sababu baadhi ya magari ya dizeli yalitumia volti 24. Wa tatu ni mkanda wa taimingi. Usiuamini hata ukionekana mpya. Badilisha pamoja na tenshena yake, andika kilomita, na ubadilishe tena kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni na valvu zinakutana.

1KZ-TE, yenye 2,982, ina turbo na inazidi 2L kwa nguvu ya kuvuta kwa zaidi ya nusu. Ila herufi E mwishoni ni kompyuta: unahitaji kontroli boksi, waya zote, sensa zake, giaboksi yake, rejeta kubwa, na ikiwezekana breki bora. Hedi yake haivumilii kuchemka hata mara moja. Inunue tu kama unapata gari zima la kutolea vipuri. Vipande vilivyookotwa huku na huku vitakutesa.

Injini ikiwa bado sakafuni, badilisha oili sili ya nyuma ya krankishafti, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, klachi, pampu ya maji, themostati na mipira ya maji. Baadaye kila kimoja kitakugharimu kazi ileile upya. Na usisahau namba ya injini: hakikisha inasomeka na una karatasi za mauziano, kisha uliza mamlaka ya usajili wa magari kama kadi inatakiwa kurekebishwa.

SWALI: Injini niliyonunua imekaa muda mrefu bila kuwashwa. Nikishaifunga, niwashe moja kwa moja?

JIBU: Hapana. Siku moja kabla, toa plagi za hita na udondoshe mililita 5 za oili safi katika kila silinda, zilale humo. Kesho yake zungusha krankishafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe kwa stata. Tafuta kwanza kinachozuia.

Jaza oili mpya na filta mpya, jaza rejeta. Plagi zikiwa bado nje na waya wa kukata dizeli umechomolewa, piga stata sekunde 10, pumzika, rudia, hadi taa ya oili izime. Oili uliyotia itaruka kupitia matundu, kwa hiyo funika kwa kitambaa na usiinamie juu yake. Rudisha plagi na waya, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli hadi iwe ngumu, pasha hita, washa. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe. Ikizima, iache ingurume bila kuikanyaga huku ukikagua uvujaji na kuongeza maji kadiri hewa inavyotoka. Oili hiyo ya kwanza imwage baada ya kilomita 500, na uikague kwenye beseni jeupe kabla ya kuitupa: vumbi la rangi ya shaba ni beringi inayokwisha.