Uliza Fundi: SSD ya Bei Nafuu kwa Kompyuta ya Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinaulizia jambo moja: kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito, fedha ni kidogo, na mtu ameambiwa aweke SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, badala ya hadidiski. Tumechagua sita.

Wataalamu, habari za kazi. Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2012, RAM GB 4, hadidiski GB 500. Nikiiwasha, nachemsha chai na kuinywa ndipo inafunguka. Fundi kaniambia ninunue mashine nyingine. SSD itasaidia, au nianze na RAM?
*Mwalimu, Masasi*

Mwalimu, usiitupe. Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa Performance, uangalie Disk. Ukiikuta imeganda kwenye asilimia 100 ilhali CPU (kichakataji) iko 10 au 15, basi kinachokuchelewesha ni hadidiski. Sahani yake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hakina budi kisogee hadi kwenye njia yake, kisha kingoje sahani ilete kipande kinachotafutwa. Kila safari hula milisekunde kumi hivi, maana yake ni vipande mia moja au pungufu kwa sekunde. Windows inapoamka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo kila kipande hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde.

Anza na SSD, RAM ifuate utakapopata nafasi. GB 8 zinatosha. Kwa mashine ya umri huo nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA (aina ya kebo na tundu la kuunganishia diski). Boksi litasema kasi ya MB 500 au 550 kwa sekunde. Mazabodi nyingi za wakati ule zina matundu machache ya SATA ya gigabiti 6 na mengine ya gigabiti 3, ambayo hayavuki MB 280 hivi. Soma maandishi kando ya tundu, na penye la 6 chomeka hapo. Likiwepo la 3 tu, usihuzunike: kinachokuumiza leo ni vile vipande vidogo, na hapo tofauti utaiona tu.

Ukubwa: GB 120 tusingekushauri. Windows, Office na masasisho yake hula GB 50 au 60 bila shida, na SSD iliyojaa hupungua kasi kwa sababu inakosa nafasi ya kupangia data. Acha angalau asilimia 15 wazi. Chukua GB 240, na kama bei inaruhusu, 480. Gawanya bei kwa idadi ya GB, mara nyingi utakuta ile kubwa ni rahisi kwa kila GB. Na usidhani umeibiwa Windows ikikuonyesha 223 badala ya 240. Ni namna mbili za kuhesabu kitu kilekile.

Katika bei ya chini, Kingston A400 na Crucial BX500 zinajulikana. Zote mbili hazina DRAM yake ndani (kumbukumbu ndogo ya haraka ya kuisaidia diski), hivyo ukinakili faili kubwa la makumi ya GB kasi itashuka njiani. Kwa mitihani, barua na intaneti hutaligundua hilo. Uimara wake kwa GB 240 umetajwa kuwa ni kuandikiwa jumla ya TB 80, yaani GB 80,000. Ukiandika GB 20 kila siku, ni siku 4,000, karibu miaka 11.

Nilinunua SSD ile nyembamba isiyo na kasha. Imeingia vizuri kwenye laptopu yangu, lakini BIOS (programu ya kuanzishia mashine) haiioni. Imeungua?
*Msomaji, Lindi Mjini*

Huenda ni nzima kabisa. Hiyo nyembamba huitwa M.2, na M.2 ni jina la umbo tu. Ndani yake SSD huzungumza SATA au NVMe (lugha ya kasi zaidi inayopita njia iitwayo PCIe), na tundu la laptopu yako pengine linaelewa moja tu. Tazama meno ya dhahabu: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, na hiyo ya mapengo mawili huingia karibu kila tundu hata pasipoelewana. Kuingia si kufanya kazi.

Chukua namba kamili ya modeli chini ya laptopu, tafuta kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji, usome kama tundu ni la M.2 SATA au M.2 PCIe. Angalia na urefu: 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na laptopu nyingine hupokea 2242 pekee. Mwombe muuzaji akubadilishie kwa kukuonyesha maandishi hayo, si kwa maneno matupu.

Nimeuziwa mtandaoni SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Kompyuta inasoma TB 2. Nimehamishia picha za harusi za wateja, sasa zile za mwanzo hazifunguki.
*Mwenye studio ya picha, Mikindani*

Pole sana, mama. Acha kuandika chochote humo sasa hivi. Vifaa vya namna hiyo mara nyingi ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya GB 64 kwa mfano, iliyochezewa ili ijitangaze kuwa TB 2. Nafasi halisi ikiisha, data mpya hulala juu ya ile ya zamani. Majina ya faili hubaki, picha zenyewe hazipo. Zilizoandikiwa juu hazirudi, kwa hiyo asikutoze mtu fedha kwa kukuahidi kuzirudisha. Kama kadi za kamera hazijatumika tena, ziweke mahali salama uanzie huko.

Mkulima wa korosho haondoki AMCOS (chama chake cha ushirika) bila kusoma mzani, nawe usiweke kazi ya mteja kabla ya kupima. Programu ya bure H2testw hujaza nafasi yote, kisha huisoma tena na kusema ukweli uko wapi. Ifanye kifaa kikiwa kitupu. Kwa GB 240 kwenye USB 2.0, kuandika peke yake huchukua karibu saa mbili, basi iache usiku. Kwa SSD ya ndani, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, mbele ya muuzaji: inayoitwa mpya haiwezi kuwa na saa 3,000 za kuwaka. Wepesi usiutumie kama kipimo, kwani hata SSD halali ni nyepesi sana.

Nipige Windows upya au ninakili diski nzima? Naogopa kupoteza vitabu vya hesabu za chama.
*Karani, Tandahimba*

Kama mashine ilikuwa nzito miaka yote, piga upya. Kwanza nakili hesabu kwenye fleshi na ufungue faili mbili tatu uhakikishe zinasomeka. Andaa fleshi nyingine ya GB 8 yenye kisakinishi cha Windows. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi, gusa chuma cha kasha. Toa hadidiski ya zamani kabisa. Wengi hukosea hapa: wakiiacha, kisakinishi huweza kuweka sehemu ya kuanzishia kwenye diski ya zamani, na siku wanapoiondoa kompyuta haiwaki. Kwenye BIOS hakikisha SATA iko AHCI (namna mpya ya kuzungumza na diski), si IDE (ya zamani). Windows 10 au 11 iliyokuwa na leseni ya kidijitali itajitambua tena ukiunganisha intaneti, maana imefungwa kwenye mazabodi. Kumbuka tu kwamba Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kunakili diski nzima kunafaa pale programu ya hesabu haina kisakinishi tena. Data iliyopo lazima iwe ndogo kuliko SSD. Clonezilla, programu ya kunakili diski, ni ya bure lakini kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ya 500 kwenda 240 itakuhangaisha. Crucial huwapa wanunuzi wake programu ya Acronis, ambayo hupunguza yenyewe sehemu za diski ili zitoshe.

SSD yangu hupotea na kurudi.
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Badilisha kebo ya SATA kwanza. Ikiendelea, kompyuta ikiwa haina umeme, futa meno ya SSD kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, uache ikauke. Upepo wenye chumvi hutia kutu viunganishi.

Ni kweli SSD haipendi umeme kukatika?
*Msomaji, Newala*

Ni kweli kwa zile za bei nafuu. Hazina kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za kuishikilia hadi imalize kuandika, na jedwali linaloonyesha kila data ilipo linaweza kuvurugika. Ikitoweka baada ya umeme kukatika, chomoa kebo ya data, acha ya umeme, washa kwa dakika 30, kisha irudishe. Mara nyingine huamka. Stablaiza haisaidii umeme ukizimika. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo ya VA 650 hukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, na laptopu betri yake ndiyo UPS, kwa hiyo usiitumie ikiwa imekufa.

Hadidiski ya zamani usiiuze. Kama bado nzima, itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala za akiba: ya inchi 2.5 hutumia umeme wa USB, ya 3.5 inahitaji kasha lenye adapta yake ya volti 12. SSD iliyochakaa si ya kufungia kabatini. Kipimo cha kiwanda kwa SSD za kawaida zilizofika mwisho wa uimara wake ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi 30, na joto likizidi muda huo hupungua.