Kama unaanza Team Fortress 2, anza na Medic

Wiki ilopita madogo wawili wa mtaani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, walinijia na laptopu wakaniuliza, kaka hii gemu mbona sie tunakufa tu, tunarudi, tunakimbia kidogo, tunakufa tena. Kuangalia, wote wawili wamechagua Sniper, yule mdunguaji wa mbali. Nkawaambia kaeni hapo. Halafu nkaona bora niandike kabisa manake swali hili nshaulizwa mara nyingi.

Kwa asiyeijua, Team Fortress 2 ni gemu ya Valve ya mwaka 2007, mwanzo ilikuwa inauzwa, tangu Juni 2011 unaicheza bure. Timu mbili, nyekundu na bluu, wahusika 9 na kila mmoja ana kazi yake. Na inachekesha wallahi. Heavy ni jitu lenye bunduki kubwa kama jenereta, likiumia linatoa sandwichi linasimama katikati ya vita linatafuna na damu inarudi. Sniper anaweza kubeba chupa ya mkojo, akikurushia unalowa halafu kila risasi inayokupata inauma zaidi. Siku ya kwanza kuiona hiyo nlicheka mpaka mama akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Sasa mtu akishacheka anadhani ni gemu ya masihara, anaingia anafyatua hovyo, kumbe ndani yake kuna hesabu tupu.

Mi nlianzia kwenye kibanda cha binamu yangu, barabara ya 12, kompyuta 4 za mtumba ambazo gemu mpya haziwezi kabisa ila hii zinaibeba sababu ni ya zamani, na alikuwa keshaziunganisha kwa waya tukawa tunacheza wenyewe bila kula bando. Mwezi mzima mi ni Spy, yule jasusi anayejigeuza sura ya adui, na Sniper tu. Naua, jina langu liko juu kwenye ubao, raha. Tulikuwa tunacheza sana ile ya kusukuma kigari chenye bomu, ambacho kinasogea mkiwa karibu nacho, mkiwa wengi kinaongeza mwendo, mkikitelekeza muda mrefu kinaanza kurudi nyuma. Siku moja tumeshafungwa, mi najisifia ubao, binamu akanigeukia akasema, "Haya umeua kumi na tano, kigari kiko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake akanikalisha na Medic.

Medic anabeba bunduki ya dawa. Unamwelekezea mwenzako, mrija wa dawa unamshika, ukishamshika huhitaji tena kulenga kwa usahihi, unatembea naye tu. Na hapa ndo sababu yangu kubwa ya kuwaambia watu wa kwetu waanze naye, seva nyingi tunazoingia ziko mbali na intaneti yetu tunaijua, unamlenga mtu kichwani kumbe keshapita. Sniper kwa intaneti hiyo ni kujitesa. Medic anakuvumilia.

Dawa yenyewe inamjaza mtu hadi kupita kiwango chake, Heavy mwenye uhai wa 300 anafika 450. Na kadiri unavyotibu kuna mita inajaa, ukitibu vizuri sekunde 40 tu imefika mia, hapo ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi we na mgonjwa wako mnang'aa na risasi haiwadhuru kwa sekunde 8. Ni chache kwa kusikia, ila zinatosha kuvunja ngome nzima. Kosa nlilofanya mi wiki za mwanzo ni kuibana, mita imejaa nasema ngoja nipate nafasi nzuri, ngoja, ngoja, bomu linatua miguuni nakufa nayo yote, inaanza upya kwenye sifuri. Ikijaa mwambie mwenzako muingie, na ukiona unakufa itumie hapohapo. Kosa jingine ni kumganda mtu mmoja mzima asiye na kidonda, kwa mtu aliyejaa mpaka juu mita inapanda polepole, hangaika na walioumia, hasa waliopata nafuu ya kutopigwa kwa sekunde kumi na kitu, hao wanajaa haraka sana.

Aliyenifunza zaidi lakini ni mdogo wangu wa kike, enzi hizo yuko kidato cha pili, mkimya, anacheza Engineer, yule fundi wa kujenga. Sentri, ile bunduki inayojifyatulia yenyewe, inajengwa kwa chuma 130, kuipandisha daraja ni 200 kila mara mpaka daraja la 3. Wengi wanaiweka barabarani ionekane. Yeye aliificha nyuma ya kona, ukiiona ushakufa. Na mgongo wake siku zote ukutani. Kila anayemsogelea anamgonga spana, kama ni wa timu yake haumii, kama ni Spy aliyejigeuza sura basi kaumbuka. Yeye ndo aliyegundua pia kwamba mwenzako unampenya kama hewa ila Spy mnagongana, hivyo alikuwa anapita katikati ya watu makusudi. Mi na binamu tulimwendea na Heavy anayeng'aa tukijua leo basi, kumbe risasi za sentri zinamsukuma Heavy nyuma, na mwendo wake wenyewe ni wa kinyonga, sekunde 8 zikaisha tuko palepale. Tukarudi na Demoman na mabomu yake ya kunata. Ndo ikaanguka. Kwa hiyo mbele ya sentri mpe dawa Demoman.

Kuhusu kofia za wahusika na vitu vingine vya kubadilishana ndani ya gemu, kuweni macho sana, vina thamani ya hela kweli. Mtu nisiyemjua aliniomba urafiki, akanitumia linki, nkaingiza nywila, asubuhi begi tupu, hata kofia aloninunulia binamu siku ya Idi. Iliniuma mno. Washeni ulinzi wa simu wa Steam, lile duka la Valve la kushushia gemu, na linki ya mgeni msiiguse.

Kuishusha gemu yenyewe andaeni zaidi ya GB 15 za nafasi na bando la usiku, halafu chezeni kwanza na maboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, kuna mazoezi humohumo.

Wale madogo jioni ileile niliwabadilisha, mmoja Medic mmoja Demoman. Mara ya tatu kujaribu mita ikajaa, mkubwa akapiga kelele "ingia ingia ingia!", sentri ikalipuka, wakarukiana wakaangusha na kiti. Nkawaacha na kigari chao nkaenda kuswali magharibi.