Maswali ya Wasomaji: Mlo na Mwendo Kambini

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mwezi ujao mimi na mume wangu tutapiga kambi kwa siku nne pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 11. Mara ya mwisho tulishinda na soseji na biskuti, siku ya tatu ikanibidi niitupe nyama yote, na tulirejea nyumbani tumevimbiwa na kuchoka kuliko tulivyoondoka. Nifanyeje safari hii ili tule chakula cha maana bila mimi kushinda jikoni likizo nzima?

Jibu: Dada mpendwa, kabla hujaandika orodha ya vyakula, ifikirie kwanza barafu utakayobeba, kwa sababu ndiyo itakayoamua kipi kiliwe siku ipi. Vijidudu vinavyoharibu chakula na kuumiza matumbo huzaliana kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na chakula kinachooza upesi hakifai kukaa katika joto hilo kwa zaidi ya saa 2, au saa 1 tu ikiwa hewa yenyewe imepita nyuzi 32. Nyama uliyoitupa siku ya tatu yaelekea ilianza kuharibika mapema zaidi, pale barafu ilipogeuka maji na pakiti zikaanza kuelea.

Nyama ya jioni ya kwanza na ya pili igandishwe nyumbani ikiwa imekwisha kukatwa na kutiwa viungo, ili nayo ifanye kazi ya barafu njiani. Ifungwe mara mbili na kuwekwa chini kabisa, isije ikadondosha maji yake juu ya matunda. Pande kubwa la barafu hudumu kuliko vipande vidogo. Mimi hugandisha maji ya kunywa katika chupa za lita moja na nusu, nikiacha nafasi ya vidole vitatu juu kwa kuwa maji yakiganda huvimba, nazo zikiyeyuka tunakunywa na sanduku linabaki kavu. Vinywaji vya watoto vipewe sanduku lao peke yake, kwani wao hufungua kifuniko kila wanapopita, na kila kinapofunguliwa hewa ya joto huingia.

Siku ya tatu na ya nne zihesabiwe kuwa siku za vyakula vikavu, wala msizione kuwa siku za adhabu. Adesi hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hadi 30, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa mwenye jiko dogo la gesi. Zikichemshwa pamoja na kitunguu, karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba, kisha zikaliwa na wali au tambi, sufuria mbili zitawashibisha nyote wanne. Kabichi, karoti, vitunguu, viazi, machungwa na matufaha hustahimili siku nne kivulini bila barafu yoyote. Maharagwe mekundu, kwa upande wake, yanahitaji uangalifu. Yana sumu ya asili ambayo huondolewa kwa kuyaloweka saa 5 au zaidi, kuyamwaga maji yale, na kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kuendelea kuyapika hadi yalainike, na moto hafifu usiofikisha mchemko hauiondoi sumu hiyo. Kambini ningependelea yale ya kopo, ambayo yamekwisha kupikwa.

Kuhusu kuvimbiwa, soseji na biskuti zina chumvi nyingi na nyuzinyuzi kidogo, na mtu asipokunywa maji ya kutosha tumbo hukaza. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyofikia gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Njia niliyoiona ikifaulu ni kuweka bakuli la karoti zilizokatwa na machungwa yaliyomenywa mezani saa ile watoto wanaporudi kutoka kucheza wakihema, kabla hujafungua pakiti yoyote. Mtoto anayesusia mboga katika sahani ya chakula cha jioni hula karoti mbichi akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado na fimbo yake, pasipo hata kuona kwamba amekula mboga.

Mboga zote za siku mbili za kwanza zikateni nyumbani na kuzifunga kwa mlo mmoja mmoja. Ukifanya hivyo, kambini itabaki kuwasha jiko na kukoroga, na kuosha vyombo wanaweza watoto.

Swali: Ndugu Mhariri, kazi yangu ni ya kukaa ofisini siku nzima. Nikipiga kambi hutaka kufidia, hivyo siku ya kwanza hupanda mlima kwa saa 6, na siku mbili zinazofuata mapaja huniuma hata kuinuka kwenye kiti ni shida. Je, mwili wangu umeshazeeka? Nina miaka 44.

Jibu: Ndugu yangu, hujazeeka. Yaelekea kinachokuumiza zaidi ni kule kushuka kuliko kupanda. Unaposhuka mteremko, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, yaani hukaza huku ikirefushwa, na kazi ya namna hiyo huichanachana kwa ndani zaidi kuliko ile ya kupanda. Maumivu yake hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kama ulivyoeleza, kisha huisha. Dawa yake ni kuizoesha misuli mapema: wiki tatu au nne kabla ya safari, shuka ngazi kwa miguu kila siku badala ya kutumia lifti, na uongeze idadi taratibu. Siku yenyewe ya mlima, shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Ningependa pia uache fikra ya kufidia. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kambi inaweza kukupa sehemu kubwa ya hizo bila mlima. Ndoo mbili za lita 5 kila moja ni kilo 10 mikononi, na ukizileta kambini mara tatu kwa siku, mgongo ukiwa wima na uzito umegawanyika pande zote mbili, hilo ni zoezi kamili la mabega na miguu. Siku ya kwanza tembea saa moja tu na kuyazoea mazingira. Ukihisi mahali panapochoma ndani ya kiatu, simama papo hapo ubandike plasta, kwa maana lengelenge likishatunga, kutembea kwako kumekwisha.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama karanga zinafaa kubebwa. Zinafaa sana kwa anayetembea, kwani gramu 100 hutoa karibu kilokalori 600, na kwa sababu hiyo hiyo anayekaa kando ya moto apime konzi moja na kuufunga mfuko.

Swali: Tutapiga kambi karibu na kijito chenye maji maangavu yatokayo mlimani. Je, tunaweza kuyanywa jinsi yalivyo?

Jibu: La. Uangavu hauonyeshi vijidudu, na huwezi kujua mnyama gani amekunywa au kufia juu ya pale mlipo. Yachujeni kwa kitambaa safi kama yana mchanga, kisha muyachemshe hadi yatokote kabisa kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kuchemsha hakuondoi kemikali, kwa hiyo msichote chini ya mashamba au viwanda. Vyombo navyo vioshwe mbali na kijito, hatua 80 hivi, ili wanaochota chini yenu wasinywe sabuni.

Swali: Baba yangu ana miaka 67 na anatumia insulini. Anatamani sana kuja nasi. Tumkatalie?

Jibu: Msimkatalie, ila mwende naye kwa daktari wake kabla ya safari, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Kutembea hushusha sukari ya damu, na inaweza kuendelea kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa amelala, kwa hiyo apime kabla ya kutembea, baada ya kutembea, na kabla ya kuingia kitandani. Insulini isiguse barafu, kwani ikiganda huharibika na haifai tena hata ikiyeyuka. Ifungeni kwa taulo ndani ya sanduku, mbali na chupa zilizoganda. Vidonge vya glukosi au boksi dogo la juisi vikae mfukoni mwa koti lake, si kwenye begi lililobaki hemani, na kila anayetembea naye, watoto wakiwamo, aonyeshwe ni mfuko upi.