Sen 10 za Japani: moja inanasa kwenye sumaku, nyingine hainasi

SWALI: Nimenunua mfuko wa sarafu kuukuu za Japani, na kati yake zipo tano za sen 10 (sen ni sehemu ya mia ya yen). Mbili ni nyeupe na zina tundu, lakini moja tu ndiyo inayonasa kwenye sumaku. Ya tatu ina tundu pia ila ni ya manjano. Mbili zilizobaki hazina tundu, ni nyepesi mno, na uzito wake haulingani ingawa zina ukubwa mmoja. Je, nimeuziwa bandia?

JIBU: Kwa maelezo hayo sioni dalili ya bandia. Ninachoona ni nchi iliyokuwa ikiishiwa metali.

Anza na mwaka. Sarafu hizi huandikwa mwaka wa utawala wa mfalme, na maandishi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Enzi ya Taisho ongeza 1911, enzi ya Showa ongeza 1925. Kwa hiyo Showa 13 ni 1938.

Nyeupe isiyonasa ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ya 1920 hadi 1932, gramu 3.75. Inayonasa ni nikeli tupu, ya 1933 hadi 1937, takriban gramu 4. Nikeli ilihitajika sana kijeshi na Japani iliitegemea kutoka nje. Kuifanya sarafu kulikuwa pia njia ya kujiwekea akiba. Vita na China vilipopamba moto, sheria ya 1938 iliruhusu metali mbadala, ndipo ikaja ile ya manjano ya shaba na alumini, iliyotengenezwa hadi 1940.

Hizo nyepesi ndizo ninazozipenda zaidi. Ni za alumini, zenye ua la krisanthemamu, kipenyo milimita 22. Zilianza 1940 na gramu 1.5, zikashuka hadi 1.2, na mwaka 1943 zikafika gramu 1 tu, kwa sababu alumini ilikuwa ikienda kwenye ndege za kivita. Zipime kwa mizani ya sonara utaona hatua hizo. Ukipata ya 1944 utakuta ni ndogo, ina tundu, na ni ya bati lililochanganywa na zinki. Mwaka 1945 walifikia hata kufinyanga sarafu za kauri huko Seto, Arita na Kyoto, ila vita viliisha kabla hazijatolewa.

Tilia shaka pale mwaka na metali vinapogombana, kwa mfano Showa 13 inayonasa kwenye sumaku. Hata hivyo, sen 10 za miaka hii ni nyingi na bei yake ni ndogo, hazimlipi mghushi. Waghushi huhangaika na yen 1 kubwa ya fedha ya enzi ya Meiji. Hiyo usiinunue kabla ya kuipima: inapaswa kukaribia sana gramu 26.96, na isivutwe kabisa na sumaku.

Tafadhali usizisugue kwa majivu wala ndimu, hasa za alumini na bati. Zifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi.