Nimeanza dawa za sonona, mbona zinanitesa?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 31, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu mume wangu afariki nilikuwa silali sili nalia tu, daktari akasema ni sonona akanipa fluoksetini miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku. Leo siku ya sita, kichefuchefu kama mimba changa, harufu ya dagaa ndo inanimaliza kabisa, mkono unatetemeka mpaka nikipima sado dagaa zinamwagika na mteja ananiangalia. Wifi anasema niache nisije nikawa teja. Niache?

JIBU: Marhaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Usiache kwanza. Dawa hii inagusa kemikali inaitwa serotonini, na nyingi ya hiyo iko tumboni sio kichwani, ndo maana tumbo linakorofishwa mapema. Ubaya wake ni kwamba maudhi yanatangulia, nafuu inakuja nyuma, wiki 2 hadi 4, wengine mpaka 6, na hapo katikati ndo watu wengi wanatupa vidonge chooni, inaniuma sana.

Sasa wewe najua saa kumi na moja alfajiri uko Mwaloni na kikombe cha strungi, tumbo tupu. Kula kwanza, hata michembe au uji, ndo umeze. Meza asubuhi hivyo hivyo maana ukimeza usiku usingizi ndo unakimbia kabisa, na kahawa na pombe weka pembeni. Ukiumwa mgongo kwa kubeba magunia usinunue tramado dukani, haipatani na hii dawa, muulize mfamasia.

Wifi mwambie kwa upole hii haileweshi, ila kuikata ghafla ndo haifai, na hata ukijisikia mzima unaendelea nayo si chini ya miezi 6, kupunguza anapanga daktari.

Wiki ya pili ikiisha bado una kichefuchefu, rudi kwa aliyekuandikia, dozi inashuka au dawa inabadilishwa, sio kosa lako. Ila mdogo wangu, mawazo ya kujidhuru yakija au yakizidi, au ukawashwa mwili mzima, au ukakesha siku mbili huku unajisikia una nguvu za ajabu, usingoje kliniki, siku hiyo hiyo nenda hospitali, Sekou Toure au Bugando, na usiende peke yako. Mchukue huyo wifi.