"Mimi ni nani?" si neno la kukariri

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila alfajiri nakaa kimya nayatazama mawazo yangu, kisha najiuliza "mimi ni nani?" Mwelekezaji niliyempata WhatsApp kaniambia nilirudie swali mara 108, na nikilipia daraja la pili nitaamka kiroho ndani ya siku 21. Mpaka sasa naambulia kichwa kuuma na jibu moja tu: "mimi ni roho." Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kichwa kinauma huenda kwa sababu unakaza macho na paji la uso. Legeza uso, punguza muda. Kikiuma hata siku usizokaa, nenda kapime hospitali.

Hizo mara 108 ndizo zinazonichosha. Ni hesabu ya shanga za japa, yaani kurudiarudia jina la Mungu au neno takatifu, zoezi jema kwa anayelifanya, ila si hili. Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa India aliyelifanya swali hili lijulikane, alikuwa na miaka 16 mjini Madurai, India, mwaka 1896, hofu ya kifo ilipomvamia ghafla. Alijilaza, akajinyoosha kama maiti, akachunguza ni nani hasa anayekufa. Hakukariri kitu. Miaka michache baadaye, mlimani Arunachala, mfuasi wake Sivaprakasam Pillai alimletea maswali, naye akayajibu kwa kuandika kwa kuwa alikuwa hasemi. Majibu hayo ndiyo yaliyozaa kijitabu cha Nan Yar, yaani "Mimi ni nani?" kwa Kitamil. Wazo likizuka, anasema, usilifuate. Uliza limemjia nani. Limenijia mimi. Basi geukia hapo hapo kwenye hiyo "mimi" utulie nayo, wazo litakosa wa kulishikilia. Swali lenyewe nalo haliachwi libaki: alilifananisha na kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti, ambacho mwishowe huungua nacho.

Kwa hiyo "mimi ni roho" ni wazo jingine tu, hata kama umelisikia tangu utotoni. Limemjia nani?

Na "shahidi", yule anayeyatazama mawazo, vilevile. Watu wanamsimika mtazamaji kichwani, wanampamba, kisha wanajificha nyuma yake: "mimi sihusiki, natazama tu." Kodi ya nyumba haijalipwa, mke hana raha, yeye anatazama! Huyo mtazamaji naye anapaswa kuulizwa ni nani. Na ukianza kujiona uko mbali na mwili wako, dunia ikawa kama picha, usishangilie. Acha zoezi, kula, tembea, ongea na watu. Hali isipoondoka, muone daktari wa akili.

Ramana hakumtoza mtu ada wala hakuteua mrithi. Madaraja na siku 21 ni vya wauzaji, na wamejaa: leo anauza kuamka, kesho mafuta ya nyota. Ada iliyokwenda imekwenda, usiongeze nyingine. Wabaya zaidi ni wale wanaomwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu "anayeumwa ni mwili, si wewe." Ukikutana na wa namna hiyo futa namba yake, na uwatahadharishe wenzako kwenye kundi kabla hujatoka.